Amplifaya yangu ya mbambakofi na ile ya mwenye nyumba

Nyumba ninayoiangalia Shela, hapa Lamu, mwenyewe huja mara mbili kwa mwaka. Sebuleni ana amplifaya ambayo kwa bei yake ungepata mashua na injini yake. Mimi kwangu Langoni ninayo niliyoiunga kwa mkono: chipu mbili za LM3886, moja kila upande, transfoma ya 25-0-25 (yaani volti 25 kila upande wa waya wa kati), na sanduku la mbambakofi nililochongewa na seremala wa milango. Msimu uliopita mwenyewe aliniruhusu nizipambanishe.

Kwanza nieleze yangu. LM3886 ni amplifaya nzima ndani ya kidude cha miguu 11; unaongeza kapasita na risista chache, basi. Kilichonitesa ni mgongo wake wa chuma, ambao umeungana na umeme hasi. Ukiufunga kwenye bati la kupozea lililoshikana na athi, bila maika, kile kipande chembamba cha kuzuia umeme, katikati, fyuzi inakwenda. Yangu ilikwenda mara mbili ndipo nikaona maika ya kushoto ina ufa mwembamba kama unywele. Halafu mbao, kwa uzuri wake wote, haizuii mvumo wa umeme. Ilibidi nitandike ndani bati la debe la mafuta.

Na chipu hizi msizidharau. Mwaka 1999 kampuni ya Kijapani, 47 Laboratory, iliuza kwa bei ya kifahari amplifaya iitwayo Gaincard, na moyo wake ulikuwa LM3875, ndugu ya hii yangu.

Siku ya siku tulitumia spika zile zile za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na muziki wa udi wa Zein l'Abdin, mwana wa hapa hapa Lamu. Nilisawazisha sauti kwa mita ya volti kwenye nyaya za spika, maana inayopiga juu kidogo tu sikio huipa ushindi. Mpwa wangu akawa anabadilisha nyaya nyuma ya leso, mimi naandika.

"Mjomba, hii ipi?"

Mara 16, nilipatia 9. Ningerusha shilingi ningepata hivyo hivyo. Na asubuhi yake nilikuwa nimeapa kwamba ile ya ghali ina besi nzito! Leso ilipotundikwa, besi ile sikuisikia tena.

Tulipoleta spika za omu 4, ambazo huvuta umeme zaidi, na kukaza sauti, mambo yakageuka. Yangu ikaanza kukwaruza, kinga iliyomo ndani ya chipu ikawa inakata. Kosa ni langu: wati 68 za omu 4 hupimwa kwa volti 28 kila upande, chanya na hasi, na ile 25 ya transfoma yangu, ikishageuzwa kuwa umeme wa DC, inafika kama 35. Ile nyingine haikutikisika. Kitufe chake cha sauti pia ni laini kama siagi. Changu kikiwa chini kabisa, sauti huegemea kushoto.

Ila hewa ya chumvi haijali bei. Yake iliwahi kunyamaza upande mmoja, ikavushwa hadi Mokowe, bara, ikapanda basi kwenda Nairobi, ikarudi baada ya miezi mitatu na bili ya kutisha. Yangu ilipopata kutu ya kijani kwenye tundu la kuingizia waya, nilianza baada ya Alasiri, Magharibi ikanikuta inaimba.

Mwenye nyumba sasa anataka nimuungie moja ya chumbani. Spika za huko ni za omu 4. Nimemwambia aje na transfoma ya 18-0-18.