Walifuta jina langu kwenye saa ya simu

Nimekaa na hasira hii tangu likizo ya Agosti mwaka jana, na wenzangu wa chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu hapa Kisumu wamechoka kuisikia. Wacha niiandike.

Nilikwenda Uhispania kujitolea kuongea Kiingereza. Kuongea tu. Wahispania wanalipa ili wakae siku kadhaa kwenye hoteli ya milimani, wazungumze nasi kuanzia chai ya asubuhi mpaka usiku, na Kihispania ni marufuku. Sisi wa kujitolea hatulipwi. Tunapewa chumba na chakula, nauli unajitafutia. Na ukitoka Kisumu, kabla ya nauli kuna viza ya yuro 90, bima ya matibabu ya kuanzia yuro 30,000, taarifa za benki, na basi la usiku kwenda Nairobi kupeleka makaratasi. Mama mmoja Mmarekani tuliyekuwa naye huko hakuombwa viza wala bima, alikata tiketi akaja. Zamu yangu yote ya chama iliishia humo. Sikujuta, mpaka asubuhi ya siku ya tatu.

Kila asubuhi ratiba inabandikwa ubaoni: nani atatembea na nani, nani atakula na nani. Kinachowatisha sana wageni wale Wahispania ni simu. Mkiwa ana kwa ana, macho na mikono vinasaidia. Kwenye simu umebaki na sauti peke yake. Kwa hiyo kuna saa ambayo kila mgeni anapigiwa simu chumbani na mmoja wetu, waongee kama watu wa kazi. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa naingojea. Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka kumi na minne, na kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, kuna maswali ya mazungumzo, nimewazoeza watoto wa watu kupokea simu kwa adabu mwaka baada ya mwaka. Nafika ubaoni, jina langu limepigwa mstari mwekundu, na juu yake limeandikwa la kijana mmoja Mwingereza.

Nikaenda kwa mratibu. Nikamsalimu vizuri, nikamuuliza kama kuna makosa. Macho hayakutoka kwenye kompyuta. Akasema hakuna makosa, ila kwenye simu wageni wanahitaji lafudhi halisi, maana ndiyo waliyolipia. Kisha akatabasamu na kuniambia nitafaa sana kwenye michezo ya jioni kwa sababu mimi ni mchangamfu.

Mchangamfu! Nilivuka bara zima nikacheze?

Sauti yangu waliisikia kabla ya kunikubali. Walinihoji kwa video karibu nusu saa, nikaongea hivi hivi ninavyoongea. Kama haikuwafaa wangesema siku ile, na zile pesa ningenunulia tangi la maji. Kiingereza nimekisoma tangu nikiwa mtoto, na Katiba ya 2010, ibara ya 7, inakitaja pamoja na Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi yangu. Lakini hata Katiba haikuwa ndiyo iliyoniuma. Palikuwa na watu watatu wamesimama pale na vikombe vyao vya kahawa, wote wa kujitolea kama mimi, wakasikia kila neno, na hakuna aliyefungua mdomo.

Na mratibu alikosea hata kwenye kazi yake mwenyewe. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, sawa na Kiswahili. Sisi Wakenya irabu za Kiingereza tunazitamka wazi, na sikio la Mhispania linazidaka upesi. Yule kijana, ambaye sina ugomvi naye, alikuwa akimeza nusu ya kila neno, nao wanaitikia kwa kichwa tu, kwa heshima, hawajaelewa. Tena kazi hii kubwa yake ni kusubiri. Mtu akikwama, humalizii sentensi yake. Unanyamaza naye mpaka neno limjie. Hilo unajifunza darasani ukiwa na watoto hamsini, na lafudhi haikusaidii kitu.

Usiku ule nilikula kidogo nikapanda chumbani mapema. Mapema ya kwao, kwa sababu chakula cha jioni ni saa tatu na cha mchana saa nane, na tumbo langu halikuzoea hata siku moja. Nimeshaanza kukunja nguo, simu ya chumbani ikalia. Alikuwa mzee mmoja mhandisi wa reli tuliyetembea naye siku ya kwanza, nikamsimulia wanawake wa Dunga, ufukweni kwetu Kisumu, wanavyoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Aliuona ubao. Akaniambia, polepole, kwamba kazini kwake anapigiwa na Mhindi, Mpoland, Mmoroko, na mtu wa London hajawahi kumpigia hata mara moja. Halafu akasema, "Mwalimu, tuendelee na wale samaki."

Tuliongea zaidi ya saa nzima. Mahali fulani alikwama, nikamsikia anapumua kwenye simu, sikumpa neno. Lilipomjia alipiga ukelele wa furaha mpaka nikaiondoa simu sikioni. Kesho yake usiku wakapiga wengine wawili.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nataka kuwaambia msiende. Siwezi tena. Kwa ajili ya wale watu, nikiitwa kesho nafunga begi leo. Yule mratibu hajaniomba radhi, na kwa ajili yake singerudi hata kwa nauli ya bure. Kama ni kuomba, uliza kabla hujalipia viza utapangiwa kazi gani, na waandike.

Mimi juzi nimewaandikia: nitakuja, lakini jina langu liwe kwenye saa ya simu tangu siku ya kwanza. Jibu halijaja. Mzee mhandisi ananipigia kila Ijumaa jioni kwa WhatsApp, na wiki iliyopita aliniuliza, bila kukwama popote, omena siku hizi ni bei gani.