TAHADHARI wenye Hiace na pikapu: muuza mipira anaetuma Pemba kwa boti

Assalaam aleikum jamani, hebu someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu yuko Unguja anapita kwenye magrupu ya wasap anauza mipira ya gari, anasema mipya, ya mzigo, inchi 15, unamrushia nusu kwa simu halafu anakupakilia kwenye boti unapokea Mkoani. Ndugu yangu wa Hiace ya Konde kachukua minne, ikaingia kwenye ringi vizuri tu ila gari ikawa imekaa chini, haikupita muda mmoja ukapasuka njiani na abiria ndani, alhamdulillah hakuumia mtu.

Ubavuni kapaka rangi nyeusi, tulipoisugua tukakuta 195/65R15 91H. Huo mpira wa teksi! Wa Hiace unaandikwa 195R15C 106/104, au una LT, hizo C na LT ndo alama za mpira wa mzigo. Hiyo 15 ni ringi tu ndo maana inaingia, na 65 ni ubavu mfupi, gari inashuka karibu sentimita 3. Sasa tizameni hiyo 91, maana yake mpira mmoja unabeba kilo 615. 106 ni kilo 950, na 104 ni 900 ikifungwa miwili miwili nyuma kama Dyna. Minne ya 615 ni kilo 2460, hapo uweke gari yenyewe, watu wote wale, na magunia ya karafuu juu ya keria, mtu anauza roho za watu huyu wallahi.

Na huo "upya", ubavuni kuna maandishi yanayoanza na DOT, ya kiwanda, mwisho wake kuna 2213, yaani wiki ya 22 mwaka 2013.

Wa pikapu na Landkruza pia muangalie, P245/75R16 na LT245/75R16 saizi ni moja lakini LT ya 120/116 inabeba kilo 1400 na ile ya P, ya gari ndogo, yenye 109 ni 1030, yeye anaziuza bei moja zote "za mzigo".

Muuzaji alipopigiwa akajibu inchi si hiyo hiyo uliyotaka, kisha akamblok ndugu yangu. Na laini keshabadilisha, kwa hiyo msitizame namba ya simu, mwambieni apige picha ya ubavu ulosuguliwa rangi, saizi na DOT vyote vionekane, akikataa muacheni. Na alofunga mipira yake asipakie watu, aende akasugue ubavu leo leo.