Kamusi ya simu na kitenzi "sparkle": uzoefu wangu

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili naipima kwa vitenzi vya mwanga, maana hapo ndipo nyingi huteleza. Hii ninayoitumia kwenye simu imeteleza pia, ingawa sijaifuta.

Andika sparkle, inakupa "kung'aa", basi. Glitter: kung'aa. Twinkle: kung'aa. Glisten nayo: kung'aa! Mwanafunzi afanye nini na hapo? Jua linang'aa, sakafu iliyopigwa deki inang'aa, hata upara unang'aa, lakini hivyo Kiingereza huvipa shine. Sparkle ni mwanga wa vimeto vingi vinavyowaka na kupotea: ziwa likipigwa na jua, kito kilichochongwa pande nyingi, macho ya mtu aliyefurahi. Kumetameta tunalo, kumeremeta tunalo, kwa nini wasiyatumie? Twinkle ni ya nyota hasa, kwa kuwa hewa inayozunguka dunia haitulii, inaupindapinda mwanga wake kabla haujatufikia. Glisten inataka umajimaji: jasho usoni, umande kwenye majani, machozi.

Kilichoniudhi zaidi ni sparkling water, ambayo programu imeigeuza "maji yanayong'aa". Hayo ni maji yenye gesi, jamani. Ni msemo ulio kwenye chupa na menyu kila siku. Kuukosea huo ni uvivu tu.

Sauti ni nzuri. Wengi huitamka ile t ya glisten, kumbe haisikiki kabisa, na msomaji wa programu anaitamka ipasavyo. Inafanya kazi bila intaneti pia.

Halafu kuna kitufe kidogo pembeni, sijui kwa nini wamekificha, kinachofungua maelezo ya Kiingereza kwa Kiingereza. Huko ndiko kwenye mali. Kuna mifano ya sentensi: Her eyes sparkled. The lake sparkled in the sun. Kuna hata sparkling conversation, yaani mazungumzo yaliyochangamka, yenye maneno ya akili na utani, bila taa yoyote kuhusika. Siku hizi naanzia huko moja kwa moja, Kiswahili chao nakitazama baadaye, kama nina muda.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano. Kwa anayeanza kabisa Kiingereza siipendekezi. Kwa anayeweza kusoma mifano, ipakue.