Bendiksi ya stata ya Lucas M45G kwa Massey Ferguson 135: nzuri, ila haijifungi yenyewe

Bendiksi (gia ndogo ya stata inayoshika meno ya flaiwili ili kuzungusha injini) mpya zisizo za Lucas, zinazouzwa kwa ajili ya Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins AD3.152, husemwa vibaya kuliko zinavyostahili. Nyingi zinazorudishwa dukani kwamba "zinasaga" zinasaga kwa sababu fundi alifunga na kuondoka bila kurekebisha pini ya wenzo unaosukuma bendiksi. Tunazipendekeza, mradi mnunuzi akague kwanza na fundi amalize kazi.

Nenda dukani na bendiksi ya zamani mkononi. Hesabu meno: M45G ya trekta hii huwa na 10. Linganisha kipenyo, urefu wa shingo na idadi ya mifereji ya ndani. Kisha shika mwili wa bendiksi na uzungushe gia yake. Upande mmoja iende huru, upande wa pili ishike papo hapo bila kuteleza hata kidogo. Ikichelewa kushika, irudishe. Hiyo ndiyo itakayokufanya usikie mota inavuma huku injini imetulia.

Kabla ya kufungua stata, toa waya wa aithi wa betri. Stata ni nzito, kwa hiyo ishikilie vizuri bolti za mwisho zinapotoka. Ukishaitoa, mulika tochi kwenye tundu lake huku mwenzako akizungusha injini taratibu kwa mkono. Injini ya silinda tatu ina mazoea ya kusimama sehemu tatu zilezile, na hapo ndipo meno ya ringi ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini) huliwa. Yakiwa yamekatika, bendiksi mpya itaharibika haraka, na kubadilisha ringi ni kupasua trekta katikati. Afadhali kujua mapema.

Bendiksi inazuiwa na kola na ringi ndogo ya waya mwishoni mwa shafti. Gonga kola irudi nyuma kwa kipande cha bomba, ng'oa ringi, toa kola, vuta bendiksi. Safisha mifereji ya shafti, paka grisi nyepesi kiasi cha kung'aa tu; ikizidi inakusanya vumbi na bendiksi inakwama. Usiiloweke bendiksi kwenye petroli wala dizeli, maana grisi iliyofungiwa ndani ya klachi yake (sehemu inayoshika upande mmoja tu) itaoshwa. Ikiwa bushi ya mbele, inayoshikilia ncha ya shafti, imelegea, weka mpya wakati huohuo, baada ya kuiloweka kwenye oili safi ya injini kwa saa 24. Shafti inayocheza huuma meno upande mmoja.

Sasa ile hatua inayorukwa. Pini ya wenzo haiko katikati ya mhimili wake, hivyo ukiizungusha wenzo husogea mbele au nyuma. Legeza nati yake, tenga kiungo cha shaba kati ya solenoidi (swichi ya sumaku inayovuta wenzo) na mota, kisha ipe solenoidi volti 6 ili ivute bila mota kuzunguka. Sukuma gia ya bendiksi kidogo kuelekea mota kuondoa ulegevu, upime nafasi kati yake na kola kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi): iwe milimita 0.13 hadi 0.38. Kichwa cha pini kina mshale, nao ubaki kati ya mishale miwili iliyochongwa kwenye mwili wa stata. Kaza nati, pima tena. Usiiache solenoidi kwenye umeme muda mrefu, inachemka.

Nafasi ikizidi, gia haiingii kikamilifu na ncha za meno hukatika. Isipokuwepo kabisa, bendiksi inagonga kola kila unapowasha.

Baada ya kufunga, stata ikikaa kimya bila hata kugonga, angalia kwanza wenzo wa hai na lo (gia za kasi na za polepole) kama uko nyutro, kwani swichi ya usalama hukata umeme. Ikigonga tu bila kuzungusha, safisha vichwa vya betri na waya wa aithi kabla ya kuilaumu bendiksi.