Polar H10: mkanda wa kifuani kwa anayetengeneza programu ya mazoezi

Ukitaka kuweka kipengele cha mapigo ya moyo kwenye programu ya mazoezi, swali la kwanza ni namba zitoke wapi. Saa ya mkononi inatosha kwa anayetembea jioni. Kwa anayekimbia vipande vya kasi, unahitaji mkanda wa kifuani, na Polar H10, uliotoka mwaka 2016 kwa bei ya takriban dola 90 za Marekani, bado ndio tunaoutumia kupimia mingine.

Saa humulika ngozi kwa taa ya kijani na kukisia mapigo kutokana na damu inavyojaa na kupungua chini yake. Mkono ukitikisika, inaweza kudaka hatua badala ya moyo: mtu anayepiga hatua 170 kwa dakika anaonyeshwa mapigo 170, hata kama anajikongoja tu. Melanini nayo hufyonza mwanga huo wa kijani, na tatuu huufyonza zaidi. H10 husoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo rangi ya ngozi haiingii kwenye hesabu.

Udhaifu wake ni ukavu. Elektrodi, yaani sehemu za mkanda zinazogusa ngozi na kusoma umeme huo, zilowanishwe kwa maji kabla ya kuvaa, mkanda ukae chini kidogo ya misuli ya kifua, ubane bila kukata pumzi. Ukivaliwa mkavu, dakika za mwanzo namba huruka ovyo, hasa fulana ya nailoni ikipepea juu yake, kisha jasho likitoka zinatulia zenyewe. Ndiyo maana programu isikimbilie kuandika “mapigo ya juu kabisa” kwa namba moja iliyochomoza dakika ya pili ya mazoezi.

Kwa mtengenezaji, utamu wake ni kwamba unafuata utaratibu wa kawaida wa Bluetooth. Kila kitu kina namba yake ya utambulisho: huduma ya mapigo ya moyo ni 180D, namba zinatoka kwenye 2A37, na ukishawasha utumaji wa taarifa kupitia 2902, mkanda unatuma pakiti karibu kila sekunde. Tuseme imefika hii: 10 48 55 03. Baiti ya kwanza ni ya bendera, yaani biti za ndiyo au hapana zinazoeleza kilichomo kwenye pakiti. Biti namba 0 ni sifuri, maana yake mapigo yamebebwa na baiti moja. Biti namba 4 imewaka, maana yake muda kati ya pigo na pigo umeambatanishwa. 48 ya heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16) ni mapigo 72. Baiti mbili za mwisho husomwa kinyume, ya pili ikitangulia: 0355, yaani 853.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Hiyo 853 haiko kwenye milisekunde, iko kwenye sehemu za 1024 za sekunde. Zidisha kwa 1000, gawanya kwa 1024, unapata milisekunde 833, na 60,000 ukigawanya kwa 833 unarudi kwenye 72. Ukisahau kugeuza, kosa ni la asilimia 2.4, dogo kiasi kwamba hakuna atakayeligundua kwa macho, na kila hesabu ya utofauti wa mapigo (jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika) itakayofuata imeshapinda. Ukigeuza mpangilio wa baiti unapata moyo unaopiga mara moja kila sekunde 21. Kosa hilo angalau linajitangaza lenyewe. Na usisome muda mmoja tu kwa kila pakiti. Kwenye mapigo 180 kuna mapigo matatu kwa sekunde, na yote hupangwa kwenye pakiti hiyo hiyo hadi mwisho wake.

Bendera zina biti mbili za kueleza kama kihisi kimegusa ngozi. Kwenye pakiti ya juu zote ni sifuri, yaani mkanda hausemi lolote kuhusu hilo, basi programu ijitegemee. Pakiti zikikosekana kwa sekunde tano, weka kistari kwenye kioo. Kuacha 148 ya zamani iendelee kung'aa ni kumdanganya mtumiaji. Wastani wa sekunde tatu hadi tano unatosha kwa kuonyesha. Wa sekunde 30 unalainisha kilele cha mbio fupi mpaka kinapotea. Data ghafi ihifadhiwe kama ilivyokuja.

Malalamiko ya “mkanda hauonekani” mara nyingi yana sababu ya kijinga: umeshashikwa na simu nyingine. H10 huunganishwa na vifaa viwili kwa Bluetooth mpangilio huo ukiwashwa; nafasi zikijaa, hauonekani tena. Kwenye Android 12 na kuendelea kuna pia ruhusa mbili tofauti, ya kutafuta na ya kuunganisha, na programu ikikosa mojawapo haipati kitu.

Polar wametoa pia zana za wasanidi zinazokupa mchoro wa umeme wa moyo kwa sampuli 130 kwa sekunde. Zinavutia, ila ni mchoro wa njia moja, unaoutazama moyo kutoka upande mmoja tu, usimwambie mtu ana ugonjwa. Taarifa za afya ni nyeti kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kwa hiyo omba idhini kabla ya kupandisha chochote kwenye seva.

Majini mkanda unastahimili hadi mita 30, lakini Bluetooth haipenyi maji. Kumbukumbu ya ndani hubeba zoezi moja tu, ulichukue ukitoka bwawani.

Betri ni CR2025, ile ya duara, na Polar wanaitaja saa 400. Hazifiki kama unaacha kihisi, kile kidude chenye betri, kimebanwa kwenye mkanda wenye unyevu, kwani kinadhani bado kimevaliwa. Kibandue, suuza mkanda, uanike kivulini. Chumvi ya jasho ikiganda kwenye elektrodi, namba zinaanza kuruka tena, na watumiaji wataandika kwamba programu yako ni mbovu.