Mlango ulioharibiwa na mashine ya kioo: ukarabati wake kwenye gereji za Tanga

Kioo cha gari kikigoma kupanda, fundi hufungua plastiki ya ndani ya mlango, hutoa mashine ya kioo iliyokufa, hufunga nyingine, kioo kinapanda, mwenye gari analipa na kuondoka. Kama kazi ilifanywa vibaya, mlango hautasema siku hiyo. Utasema masika yakishika: zulia la miguuni linalowa, spika inakoroma, na chini ya mlango rangi inatoa vipele vidogo kama vya joto. Hapo ndipo gari hufikishwa kwa fundi bodi. Kinachopimwa hapa ni kazi hiyo ya pili, ya kuuponya mlango, kama inavyofanywa kwenye gereji za mtaani hapa Tanga, Ngamiani na Chumbageni.

Kwa kunyoosha bati na kulinganisha rangi, mafundi wa hapa wanastahili nyota 4 kati ya 5. Kwa yanayofanyika nyuma ya plastiki, nyota 2. Na ugonjwa wenyewe umeanzia nyuma ya plastiki.

Wengi hawajui kwamba mlango wa gari haukutengenezwa kuzuia mvua isiingie ndani yake. Maji hupenya kwenye raba ya nje ya kioo, yanateremka na kioo, yanafika chini na kutokea kwenye matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa mlango. Kati ya maji hayo na abiria ipo nailoni moja tu, imebandikwa kwenye bati la ndani kwa gundi nyeusi, laini kama lami. Nailoni hiyo ndiyo inayochanwa kwa kisu fundi mwenye haraka anapotafuta nafasi ya kupitisha mkono. Akimaliza, plastiki inarudi juu yake na tundu linabaki. Maji yaliyotakiwa kugonga nailoni na kurudi ndani ya mlango yanapita, yanadondokea zuliani. Kwenye magari mengi ncha ya chini ya nailoni huingizwa kwenye mwanya wa bati ili imwage maji upande wa matundu. Ikiachwa nje, hata nailoni nzima isiyo na tundu itamwaga maji ndani ya gari.

Hapa Tanga jambo hili lina uzito wa pekee. Gari linalolala Raskazone au Sahare linapata hewa ya chumvi usiku kucha. Chumvi hiyo ikikutana na maji yaliyotuama kwenye pindo la chini la bati, kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kipele ukikiona kwenye rangi, ndani kimeshakuwa kidonda.

Kosa linaloumiza zaidi hufanywa kwa nia njema. Fundi anaiona nailoni imechanika, anachukua silikoni ya sinki na kuipaka. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huanzisha kutu mahali bati lilipo tupu. Ikipakwa nyingi, matone yake yanashuka na kuziba matundu ya maji. Kinachotakiwa ni gundi ya butili ya ukanda, ile isiyokauka, inayobanduka na kubandikwa tena. Nailoni ikiwa imechakaa kabisa, kata mpya kutoka nailoni nene ya ujenzi, ukitumia ile kuukuu kama kipimo.

Boliti nazo zina madhara yake. Mashine nyingi za kioo za Toyota hufungwa kwa boliti za spana namba 10. Zikipotea, hutafutwa mbadala kwenye kopo la boliti kuukuu. Boliti iliyozidi urefu hugusa kioo kinapopita na kukichora mstari wa wima, umenyooka kama wa rula. Skrubu ndefu ikiwekwa sehemu nyembamba ya mlango husukuma bati la nje, na chunusi moja inatokea kwenye rangi safi ambayo haikugongwa na kitu. Fundi bodi akianza kuipiga puti (kijazio cha kusawazisha bati) chunusi hiyo kabla ya kuitoa skrubu, simamisha kazi.

Kuna pia kioo kilichokaa upande. Kinapanda kimeinama, kinang'oa raba, na mota inakisukuma hadi inaungua. Dawa yake ni kulegeza boliti za kioo hadi zishikwe kwa vidole tu, kukipandisha kioo kadiri boliti zinavyoendelea kufikika, kuhakikisha kimekaa sawa kwenye reli zote mbili, ndipo zibanwe. Kishushwe na kupandishwa mara 5 au 6 kabla plastiki haijarudi. Mota yenye mfumo wa kupanda yenyewe kwa kubonyeza mara moja huhitaji pia kufundishwa upya baada ya kufungwa. Kwenye magari mengi ni kushikilia swichi sekunde chache kioo kikiwa kimefika juu.

Tuje kwenye bati, mahali mafundi wetu wanapong'ara. Fundi mzuri hakwangui kipele na kupaka. Anakata kwa grainda hadi akutane na bati linalong'aa, anatengeneza kiraka cha bati la geji 22, unene wa karibu milimita 0.75 unaokaribiana na wa mlango wenyewe, kisha anachomelea nukta kwa nukta, akiruka huku na huku na kuacha bati lipoe. Anayevuta mstari mmoja mrefu wa moto huupinda mlango mzima, na mawimbi hayo utayaona ukiinama na kulitazama gari kwa ubavu asubuhi. Kuchomelea bati la mlango kwa moto wa gesi ni kwa kukataa kwa sababu hiyohiyo. Baada ya kuchomelea ni praima ya epoksi kwanza, puti isiyozidi milimita 3, msasa namba 80, 180 na 320, praima ya kujaza, msasa 600, ndipo rangi na kilia, ile vanishi angavu ya juu. Namba ya rangi isomwe kwenye kibati cha kiwandani. Kukadiria kwa macho kwenye gari la rangi ya fedha hakujawahi kutosha. Kwa upande huu kazi nyingi za hapa hutoka vizuri kiasi kwamba mpaka wa rangi mpya na ya zamani hauonekani hata juani.

Na hapohapo ndipo nyota zinapopotea. Kiraka kikishapakwa nje, upande wake wa ndani huachwa na bati lililoungua moto, bila praima, bila nta. Puti na silanti (gundi ya kuziba maungio) za pindo huteremka na kuziba matundu. Vipande vya kioo kilichovunjika zamani, pamoja na mchanga, huachwa sakafuni mwa mlango, na takataka hizo hushika unyevu kama sifongo. Mlango uliotengenezwa hivyo unapendeza siku ya kukabidhiwa, na vipele hurudi palepale.

Kwa hiyo mwambie fundi kabla ya kukubaliana bei: "Fundi, plastiki isifungwe mpaka nije nione ndani." Ukifika, pitisha kidole kwenye ukingo wa chini uhesabu matundu, mara nyingi ni 2 hadi 4, na kila moja lipitishe njiti ya kiberiti. Tazama nta au mafuta mazito kwenye pindo. Kisha weka gazeti kavu kwenye kizingiti, funga mlango, mimina lita 5 za maji polepole juu ya raba ya nje ya kioo. Maji yaanze kutoka chini mara moja, na gazeti lifunguliwe likiwa kavu. Jaribio hili ni la dakika 10, na fundi anayeiamini kazi yake hatalikataa. Salio la malipo libaki mfukoni mpaka gazeti lionekane.

Kuhusu spea yenyewe, mashine ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina ileile mara nyingi hukaa vizuri kuliko kopi mpya ya bei rahisi, kwa sababu matundu ya boliti yanalingana na hakuna haja ya kulazimisha. Hakikisha upande, mlango wa mbele au nyuma, na plagi: mota ya nyaya 2 haibadilishani na ya nyaya 6.

Kutu ikiwa imekula zaidi ya theluthi moja ya pindo la chini, viraka havilipi tena. Tafuta mlango mzima wa mtumba. Huo nao ukague nailoni yake kabla ya kulipa, maana mingi hufika dukani ikiwa imeshachanwa.