Dodoso la wateja wa dagaa Mwaloni Kirumba: nyota 3 kati ya 5

Wakuu, mi nafungasha dagaa hapa Mwanza, wale wa chanja wasio na mchanga, nikasema kabla sijaprinti vifungashio vingi niwalipe watu wa utafiti wanipitishie dodoso. Jina la kampuni siliweki.

Kazi ya mkono iko poa. Walikuja na KoboCollect, app ya kujazia dodoso kwenye simu, mtu akisema hanunui dagaa maswali ya bei yanajiruka yenyewe, mtandao ukikata majibu yanakaa kwenye simu mpaka urudi, siku tatu tu tushamaliza watu 200 na wote wameulizwa kitu kilekile. Lile swali la "mara ya mwisho ulinunua wa shilingi ngapi" ndo limenirudishia hela yangu, kumbe wengi ni wa buku buku na mimi nilishapanga pakiti za nusu kilo!

Sasa swali la 9: "Je, ungependa kununua dagaa safi wasio na mchanga?" Jamani nani atajibu hapana, mimi napenda mchanga? Nilikuwepo walipomfikia mama mmoja mwenye meza, akamwangalia yule dada wa dodoso alivyoungua jua akamwambia "weka ndiyo mwanangu", akaendelea kupepeta dagaa wake. Ripoti ikaja imeandika uhitaji ni mkubwa mno. Pakiti zangu nilizomwachia huyo mama bado ziko palepale.

Halafu wamekuja wakati wa mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwaka mitumbwi inapaki na bei inapanda, sasa ile "bei ya wastani" ni ya wiki mbaya ila imeandikwa kama ya mwaka mzima. Nilipolalamika wakaniambia niongeze hela wafike watu 400. Wingi unasaidia nini kama unarudi kwa walewale, saa ileile? Marekani, uchaguzi wa rais mwaka 1936, jarida la Literary Digest liliuliza watu watampigia nani, likapata majibu zaidi ya milioni 2, likasema Landon anashinda, mpinzani wake Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa sana kwa wenye simu na magari, tena wakati uchumi wao umeanguka na wengi hawana kitu, na wengi waliotumiwa kadi za kujibu wala hawakuzirudisha.

Nitawaita tena lakini, ila waje kwenye giza, alfajiri wachuuzi wakiwepo, na swali la 9 naandika mwenyewe: pakiti hii hapa, 1,500, nikupe?